Uchaguzi wa Wadi ya Galbet: Matokeo Huanza Kabla ya Sanduku

Ukitoka Mombasa kwa basi ukapita Malindi, Garsen, Hola na Bura, mwisho wa yote unafika Madogo. Hapo abiria huanza kutafuta viatu na kuamsha watoto, maana mbele ni daraja la Mto Tana na ng'ambo ya daraja ni mji wa Garissa. Madogo bado ni Pwani. Ni wadi ya eneo bunge la Bura, kaunti ya Tana River, na mkazi wa hapo anayevuka kila asubuhi kwenda kufungua duka Garissa, kura yake iko upande huu wa mto. Ukivuka daraja tu, gavana ni mwingine, seneta ni mwingine, na mwakilishi wa wadi ni mwingine.

Kwa ujirani huo, kila uchaguzi ukipita watu wa Hola, Garsen hata Lamu huulizia habari za Garissa, na swali huwa ni lile lile: nani amechukua? Mimi naona swali lenye faida zaidi ni hili: amechukuaje? Nimeichagua wadi ya Galbet kulijibu, kwa sababu ni wadi ya mjini, ina watu wa kila namna, na yanayofanyika pale ndiyo yanayofanyika, kwa tofauti ndogo, kutoka Ijara hadi Mandera. Anayeangalia tu idadi ya kura zilizobandikwa mlangoni mwa kituo ameona mwisho wa hadithi. Sehemu kubwa ya matokeo ya Galbet huamuliwa kabla mpiga kura hajatia wino kidoleni.

Galbet ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Township. Nyingine ni Waberi, Iftin na Township yenyewe. Jina lake linafanana na neno la Kisomali galbeed, yaani magharibi. Kaunti ya Garissa ina maeneo bunge sita (Garissa Township, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi na Ijara) na wadi 30, katika jumla ya wadi 1,450 za Kenya nzima. Mipaka hii ilitoka mwaka 2012. Kabla ya hapo Garissa Township na Balambala zilikuwa eneo bunge moja lililoitwa Dujis, na wazee wengi bado wanalitaja hivyo.

Wazee hao hao humwita mwakilishi wa wadi diwani, au kansela. Zamani mji wa Garissa ulikuwa na baraza la manispaa na nje ya mji kulikuwa na baraza la kaunti. Madiwani walichaguliwa wadi kwa wadi, kisha wao wenyewe wakakaa na kumchagua meya. Lakini kamba ilishikwa Nairobi: waziri wa serikali za mitaa aliteua baadhi ya madiwani, na karani wa mji aliletwa kutoka juu. Mabaraza yale yalimalizika na uchaguzi wa 4 Machi 2013, wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, na mahali pake pakaja bunge la kaunti.

Kuna jambo moja katika mabadiliko hayo ambalo watu hawalitambui mpaka taka zijae mtaani. Mji wa Garissa hauna tena baraza la kuchaguliwa. Ipo bodi ya manispaa chini ya Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, ila sisi wananchi hatupangi foleni kuipigia kura. Basi mtu pekee aliyechaguliwa na ambaye mkazi wa Galbet anaweza kumkuta msikitini, sokoni au kwenye mazishi ni MCA wake. Gavana ana walinzi na mbunge yuko Nairobi.

Kisheria kazi ya MCA ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, kuichunguza serikali ya gavana na kuidhinisha anaowateua kuwa mawaziri wa kaunti. Hakuna kifungu kinachomtaka alipe karo ya mtoto wa mtu au achangie sanda. Mtaani hata hivyo anapimwa kwa basari, kisima, taa za barabarani na kama alionekana mafuriko yalipokuja. Tana ilipofurika mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024, barabara kati ya Garissa na Madogo ilikatika, watu wakawa wanavushwa kwa mashua, na mashua moja ilizama Kona Punda na kuua watu. Siku kama hizo hakuna anayemuuliza MCA amepitisha mswada gani.

Sasa, kura yenyewe inaanzia wapi? Inaanzia kwenye kitambulisho, na kwa Garissa neno hilo lina historia ndefu kuliko tuliyoizoea Pwani, ingawa na sisi tunajua jinsi mtu anavyosumbuliwa Lamu au Kwale akitafuta cheti.

Katika uchaguzi wa Mei 1963, ule ulioileta serikali ya uhuru, eneo la Kaskazini Mashariki lilisusia, kwa sababu wengi wao walikuwa wanataka kuungana na Somalia. Uhuru ulipatikana 12 Desemba, na tarehe 28 ya mwezi huo huo serikali mpya ikatangaza hali ya hatari katika eneo hilo. Sheria zake zilidumu mpaka 1991. Ndani ya miaka hiyo Garissa ilipata Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi ulipochomwa na wakazi kukusanywa na wanajeshi, jambo ambalo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika katika ripoti yake ya 2013. Mwaka 1989 serikali iliwapiga msasa Wakenya wenye asili ya Kisomali, nchi nzima, na kuwapa kadi nyingine juu ya kitambulisho. Mtu mwenye umri wangu aliyezaliwa Garissa amekulia ndani ya habari hizi. Ukimwambia kitambulisho ni karatasi tu, atakutazama.

Msasa uliendelea kwa sura nyingine. Kijana wa Kisumu au Nyeri akifika miaka 18 alikwenda kwa chifu na vyeti vyake. Kijana wa Garissa alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa wa usalama, aeleze babu yake ni nani, wa ukoo upi, alichunga wapi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini agizo la kuuondoa msasa huo. Wapo waliosherehekea, na wapo viongozi wa sehemu nyingine za nchi waliosema mpaka umeachwa wazi. Maoni yangu ni kwamba mpaka unalindwa mpakani. Kumsumbua mtoto wa Galbet ambaye baba yake na babu yake wana vitambulisho hakujawahi kumzuia mtu mwenye nia mbaya.

Kuna kundi la pili ambalo agizo hilo peke yake haliwatoshi. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 na 1992 kwa wakimbizi waliokimbia vita Somalia. Ukame ulipouma, Wakenya wengi wa maeneo ya karibu, hasa familia za wafugaji zilizopoteza mifugo, walijiandikisha kambini wapate unga na mafuta. Watoto wakapigwa alama za vidole pamoja na wazazi wao. Walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema hawa ni wakimbizi. Ni maelfu ya watu. Shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake Garissa, limekuwa likiwapigania mahakamani kwa miaka. Bila kitambulisho au pasipoti huwezi kuandikishwa kuwa mpiga kura, na bila kuandikishwa wewe si hesabu ya mgombea yeyote. Atapita mlangoni kwako asisimame.

Hata idadi yenyewe ya watu ina ugomvi. Sensa ya 2009 iliipa kaunti ya Garissa watu 623,060, na ile ya 2019 watu 841,353. Nambari za Kaskazini Mashariki zimebishaniwa mara zote mbili, na Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ilibatilisha matokeo ya 2019 katika sehemu za Mandera, Wajir na Garissa. Si ubishi wa wasomi. Idadi ya watu ndiyo inayotumika kuchora wadi na kugawa fedha. Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka minane hadi 12, na kwa kuwa mara ya mwisho ilikuwa Machi 2012, muda ulipita Machi 2024 wakati ambapo tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna. Mwenyekiti mpya, Erastus Edung Ethekon, aliapishwa Julai 2025.

Tuseme umepata kitambulisho na umeandikishwa. Bado kuna kikao ambacho hukualikwa.

Watu wa Kaskazini Mashariki hukaa kwa koo kabla ya kukaa kwa vyama. Katika kaunti ya Garissa matawi makubwa ya Ogaden ni Abudwak, Aulihan na Abdalla, na chini ya kila tawi kuna matawi madogo mpaka unafika kwa mtu na binamu zake. Uchaguzi ukikaribia, wazee hukutana. Ukoo huu uchukue ugavana, ule useneta, hawa ubunge, wale wadi. Ndani ya ukoo tena kuna mgawo: zamu hii ni ya jamaa fulani, zamu ijayo ya wengine. Waandishi wa Nairobi huuita demokrasia ya makubaliano. Wenyewe husema tu kwamba wazee wamekaa.

Mfano ulio wazi zaidi wa Garissa ni wa useneta. Seneta Yusuf Haji, aliyekishika kiti hicho tangu 2013, alifariki 15 Februari 2021. Uchaguzi mdogo ulipoitishwa, mwanawe Abdul Haji akabaki mgombea peke yake, na IEBC ikamtangaza mshindi bila karatasi hata moja kuingia sandukuni. Kaunti nzima ilipata seneta bila kupiga kura. Wengi niliozungumza nao waliona ni heshima kwa marehemu na ni amani. Mmoja tu, kijana wa bodaboda, alisema yeye alikuwa amejiandikisha ili apige kura ya kwanza ya maisha yake, na amani hiyo imempita.

Nisiwaonee wazee. Mahali ambapo ugomvi wa malisho huua watu, kikao kinachowafanya wagombea kumi wabaki wawili kimeokoa roho. Uchaguzi wa Agosti 2022 kule Eldas, kaunti ya Wajir, ulivurugwa na milio ya risasi mpaka upigaji kura ukasogezwa mbele. Anayedharau makubaliano ya wazee akae kwanza na mama wa Eldas.

Lakini kikao kina kasoro zake, na ya kwanza ni kwamba hakimfungi mwenye nguvu. Mandera, wazee wa Garre waliamua kwamba viongozi waliokuwa madarakani wasirudi katika uchaguzi wa 2017. Gavana Ali Roba akakataa, akagombea, akashinda. Wajir mwaka huo huo baraka za wazee zilimwendea Mohamed Abdi Mohamud, naye akashinda, ila kesi ikamfuata mpaka Mahakama ya Juu, iliyomthibitisha Februari 2019, na mwaka 2021 akaondolewa madarakani kwa hoja ya bunge la kaunti na Seneti. Baraka za wazee zilimwingiza ofisini, hazikumweka.

Kasoro ya pili ni nani hayumo ndani ya chumba. Wanawake hawamo. Katika soko la Garissa utakuta akina mama wamejipanga na madumu ya maziwa ya ngamia. Biashara hiyo imesomesha watoto wengi, na mama mmoja aliniambia kwamba wao huitwa siku mbili tu, siku ya mkutano wa kampeni na siku ya kura. Kaskazini Mashariki ilisubiri mpaka 2017 kumchagua mbunge mwanamke wa kwanza wa eneo bunge, Sophia Abdi Noor wa Ijara. Kwa viti vya wadi, Katiba imeweka dawa ya kifungu cha 177: ikiwa jinsia moja imepita theluthi mbili ya bunge la kaunti, wanawake wa kutosha huteuliwa kupitia orodha za vyama. Dawa imesaidia nambari. Ila MCA wa kuteuliwa hana wadi, na mtaani watu humuuliza, wewe ni wa wapi?

Hawamo pia wasio na ukoo mkubwa. Garissa mjini wanaishi Wamunyoyaya, watu wa mto waliokuwa pale na mitumbwi na mashamba yao, ndugu wa karibu na jamii zetu za Tana River. Wapo Wakamba, wapo Waswahili waliofuata biashara, wapo walimu na wauguzi kutoka bara, ingawa wengi wao waliondoka baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la 2 Aprili 2015 lililoua watu 148. Katika wadi ya mjini kura zao zinaweza kuamua, na wagombea wanalijua hilo. Koo mbili kubwa zikitoshana, atakayepata kura za wasio na ukoo ndiye atakayecheka. Mara nyingi hupewa ahadi ya mfereji au ya mtu mmoja kuajiriwa kaunti, na hawana wa kumshika mkono baadaye.

Vyama vina nafasi gani basi? Ndogo kuliko tunavyodhani huku Pwani. Angalia kiti cha ubunge. Aden Duale alichaguliwa Dujis mwaka 2007 kwa ODM, Garissa Township mwaka 2013 kwa URP, 2017 kwa Jubilee, 2022 kwa UDA. Chaguzi nne, vyama vinne, mtu mmoja. Alipoteuliwa waziri wa ulinzi, uchaguzi mdogo ulifanyika 5 Januari 2023 na Dekow Barrow Mohamed wa UDA akachukua. Kwenye ugavana Nathif Jama alishinda 2013 kwa Wiper, Ali Korane akaja 2017 kwa Jubilee, Nathif akarudi 2022 kwa ODM. Ukitafuta maana ya matokeo hayo kwenye rangi za vyama utapotea. Yatafute kwenye vikao, na kwenye uchovu wa wapiga kura, kwa maana watu wa Garissa hawajampa gavana yeyote vipindi viwili mfululizo. Hapo mpiga kura wa kawaida amesema neno lake, wazee wapende wasipende.

Kuwania wadi si ghali kwa upande wa tume. Ada ya IEBC kwa mgombea wa MCA imekuwa shilingi 5,000, na nusu yake, 2,500, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mgombea huru huhitaji saini za wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Kulikuwa na sharti la shahada ya chuo kikuu, ambalo Mahakama Kuu ililibatilisha Oktoba 2021. Mimi mwenye diploma nililipokea kwa furaha ya wazi, ingawa sina mpango wa kugombea chochote. Gharama halisi iko kwingine, kwenye magari, mbuzi, miraa, na kuwaleta watu waliojiandikisha Galbet lakini wanaishi Balambala au Nairobi. Kuhamisha wapiga kura wakati wa uandikishaji ni ugonjwa wa zamani wa wadi za mjini.

Siku ya kura vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Mpiga kura hutambuliwa kwa alama za vidole na hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Karatasi ya MCA ndiyo inayopiganiwa kwa jasho zaidi, kwa sababu tofauti inaweza kuwa ya watu unaowajua kwa majina. Hesabu hufanyika pale pale kituoni. Kura za MCA huandikwa katika Fomu 36A, mawakala wakatia saini, nakala ikabandikwa. Fomu zote za wadi hukusanywa na kujumlishwa katika Fomu 36B, na hiyo ndiyo inayomtangaza mshindi. Wakala aliyelala, au aliyesaini bila kusoma, ndiye anayempoteza mgombea wake. Nimesikia malalamiko mengi ya wizi ambayo ukiyafuata unakuta wakala aliondoka kwenda kula.

Asiyeridhika ana siku 28 tangu IEBC itangaze matokeo. Kesi ya MCA husikilizwa na hakimu, si Mahakama Kuu, na lazima iishe ndani ya miezi sita. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ya hoja za sheria tu. Galbet haina tofauti na Kongowea au Shella katika hili. Tofauti ni kwamba mara nyingi kabla ya wakili kuitwa, wazee huketi tena, mlalamishi hupozwa, na karatasi za kesi hubaki mfukoni.

Uchaguzi mkuu ujao ni 10 Agosti 2027. Kijana wa Galbet aliyezaliwa Januari 2009 atafikisha miaka 18 Januari ya mwaka huo, na daftari la wapiga kura hufungwa kabla ya uchaguzi. Ndani ya miezi hiyo michache anatakiwa apite kwa chifu, apite ofisi ya usajili, asubiri kitambulisho kirudi kutoka Nairobi, kisha ampate karani wa IEBC.